Si kila kukwama ni lagi

Lagi ni muda unaopita tangu mchezaji atende jambo hadi jibu la seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha mchezo, limrudie, na hupimwa kwa milisekunde, ile namba ambayo michezo mingi huionyesha pembeni mwa skrini kwa jina la pingi. Maana yake inaishia hapo. Hata hivyo neno hili limegeuzwa kuwa jina la kila aina ya kukwama, hasa kwa watu wanaofungua michezo miwili ya mtandaoni kwa wakati mmoja kwenye kompyuta moja. Picha ikianza kurukaruka, mtu husema kuna lagi, hulaumu mtandao, hununua bando kubwa zaidi, na picha huendelea kurukaruka vilevile. Ni fedha inayopotea kwa sababu ya jina lisilo sahihi, na jambo hilo linanisikitisha.

Lagi hutokana na njia ambayo data hupita. Tumchukue mchezaji wa Dar es Salaam aliyefungua EVE Online, mchezo wa meli za angani, kwenye dirisha moja, meli yake ikichimba madini taratibu, huku akicheza Dota 2, mchezo wa mapambano ya timu, kwenye dirisha jingine. Seva za EVE Online ziko London, ilhali Dota 2 ina seva Johannesburg. Mwanga ndani ya nyaya za fiba husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde, na kutoka Dar es Salaam hadi London, hata kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 7,000. Kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kushuka chini ya milisekunde 70, na nyaya zenyewe hazikunyooka, zinazunguka na bahari. Johannesburg ni karibu zaidi. Ndiyo maana kompyuta ileile, yenye bando lilelile, huweza kuonyesha pingi mbili zinazotofautiana sana kwa wakati mmoja, na hakuna kadi ya grafiki inayoweza kuufupisha umbali huo.

Michezo miwili ikiwa pamoja, kinachogombewa zaidi ni prosesa, kadi ya grafiki inayochora picha, na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ili picha itiririke kwa fremu 60, yaani picha mojamoja 60, kwa sekunde, kila fremu lazima iwe tayari ndani ya milisekunde 17 hivi, na kadi inayochora ulimwengu wa pili nyuma ya ule unaotazamwa hushindwa kuutimiza muda huo. Huo ni upungufu wa fremu. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya data kwenye diski, na kama diski ni ya zamani, ile inayozunguka, kuhama kutoka dirisha moja kwenda jingine huweza kuigandisha kompyuta nzima kwa sekunde kadhaa. Hiyo nayo si lagi. Bando kubwa haliponyi lolote kati ya hayo, kwa kuwa michezo ya namna hii hupokea na kutuma taarifa ndogo tu, kama vile mhusika yuko wapi na ameamriwa nini, na picha zote huchorwa hapohapo kwenye kompyuta.

Dalili za lagi na za upungufu wa fremu nazo hazifanani. Lagi ikizidi, picha hubaki laini, lakini wachezaji wengine huonekana wakiruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, au mhusika wako anarudishwa ghafla pale alipokuwa, kwa sababu seva haikuwahi kuzipata hatua zake. Upungufu wa fremu huathiri skrini nzima, hata ukizungusha tu kamera ukiwa umesimama mahali pamoja.

Ipo hali moja ambamo mchezo wa pili huleta lagi ya kweli, nayo ni pale unapopakua masasisho. Steam, programu ya kununulia na kufungulia michezo, isipobadilishwa mpangilio wake, husimamisha upakuaji mchezo unapoanzishwa kupitia kwake, lakini programu ya kampuni nyingine haijui kwamba unacheza, na huendelea kuvuta gigabaiti zake huku taarifa ndogo za mchezo zikisubiri foleni ndani ya ruta.

Kwa hiyo, kabla ya kusema kuna lagi, itazame namba ya pingi wakati picha inaporukaruka. Ikiwa imetulia palepale ilipo siku zote, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager ya Windows, uone kama ni prosesa, kadi ya grafiki au RAM iliyokaribia asilimia 100, kisha upunguze ubora wa picha na idadi ya fremu kwenye mchezo ulio nyuma. Pingi ikiwa imepanda, hapo umelitumia neno mahali pake, na kama hakuna masasisho yanayopakuliwa, ni haki yako kumpigia simu mtoa huduma wa intaneti.