Je, wajua kwa nini helmeti nzuri ya baiskeli hufanya kazi mara moja tu?

Kama umezoea kuendesha baiskeli msituni, lawama hii umeisikia. Jamaa ameteleza kwenye mteremko katika msitu wa Karura jijini Nairobi, kichwa kimegonga mzizi, ameinuka mzima na anajipangusa vumbi jekundu. Anavua helmeti na kukuta imepasuka ndani. "Hizi vitu siku hizi ni feki," mwenzake anasema. "Umeanguka kidogo tu, ona."

Si feki. Helmeti hiyo imefanya kazi yake yote, na imeimaliza.

Liondoe lile ganda jembamba linalong'aa, ambalo kazi yake ni kuifanya helmeti iteleze juu ya jiwe badala ya kunasa, na kuzuia kilicho ndani kisitawanyike. Chini yake utakuta stairofomu, ileile nyeupe inayozunguka televisheni mpya kwenye boksi, ila imeshindiliwa zaidi. Ni punje ndogo za polistirini zilizojaa hewa na kuunganishwa kwa mvuke. Ukiigonga kwa nguvu, vijumba vile vya hewa hubonyea na kupasuka, na havirudi tena vilivyokuwa.

Kubonyea huko ndiko unakolipia, na hesabu yake si ngumu. Kichwa kikianguka kutoka mita 1.5, karibu na kimo cha kichwa cha mtu aliye juu ya baiskeli, kinafika chini kwa mita 5.4 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama baiskeli yenyewe ilikuwa imesimama. Fuvu tupu likikutana na jiwe husimama ndani ya milimita chache. Tuseme tatu. Ukigawanya, unapata mkazo wa wastani wa g 500, yaani mara 500 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Sasa weka hapo katikati stairofomu inayobonyea sentimita 2: wastani unashuka hadi g 75. Kichwa ni kilekile na jiwe ni lilelile. Kilichoongezeka ni nafasi ya kusimamia.

Kilele cha mkazo huwa juu ya wastani, na ndicho wapimaji wanachokitazama. Kipimo cha Ulaya, EN 1078, huidondosha helmeti ikiwa na kichwa cha bandia ndani kwa kasi hiyohiyo ya mita 5.4 kwa sekunde hadi kwenye chuma bapa, na kilele kisizidi g 250. Kile cha Marekani, CPSC, ambacho ni sheria huko tangu 1999, huidondosha kutoka kimo cha mita 2 na kikomo chake ni g 300. Kibandiko chenye mojawapo ya majina hayo kiko ndani ya helmeti. Kisipokuwepo, rudisha kwenye rafu.

Lakini mbona wasitumie kitu laini kinachorudi chenyewe? Kwa sababu sponji ya godoro hubonyea yote mapema, kichwa kikiwa bado na mwendo, halafu huurudisha mwendo huo kichwani. Yapo mapovu magumu ya polipropilini yanayorudi polepole, hasa kwenye helmeti za skeiti, lakini nyingi za baiskeli ni stairofomu ya mara moja.

Ukishalielewa hilo, maswali mengi ya dukani yanajijibu. La kwanza ni mitumba. Napenda soko la Gikomba kama Mnairobi yeyote, na jaketi la mvua nitalinunua huko bila wasiwasi, lakini si helmeti. Hujui ilianguka mara ngapi Ulaya kabla ya kufungwa kwenye robota, na ganda linaweza kung'aa huku ndani mmebonyea. Ukitaka kuihakiki yako mwenyewe, bandua visponji vya ndani na umulike kwa tochi ya simu. Tafuta ufa mwembamba kama unywele unaopita katikati ya matundu mawili ya hewa, au sehemu ambapo punje zimelala bapa na kung'aa kuliko jirani zake. Bonyeza ganda kwa kidole gumba: likisikika limeachana na povu, imekwisha. Na usiisafishe kwa petroli wala thina, wala usiipake rangi ya kupuliza. Polistirini huyeyuka ikiguswa na vitu hivyo, na hutaona chochote kwa nje. Maji na sabuni vinatosha.

Swali la pili ni helmeti zilizoazimwa kutoka kazi nyingine. Jioni kwenye Barabara ya Jogoo utaona mafundi wakirudi nyumbani kwa baiskeli wakiwa na helmeti za mjengo. Zinapimwa kwa kiwango tofauti kabisa, hasa kwa kitu kinachoangukia utosi kutoka juu. Wewe ukianguka na baiskeli, utosi ndio unaogonga mara chache: ni paji, ubavu wa kichwa na kisogo, na huko helmeti ya mjengo ina ganda tu. Ile ya boda nayo italinda, sitakudanganya. Shida yake ni mlimani. Ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, wakati ya baiskeli ni gramu 300 au 400, na haina matundu ya maana. Panda nayo kuelekea vilele vya Ngong, mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, na kabla hujafika nusu ya njia utakuwa umeivua na kuitundika kwenye hendeli. Ikiwa pale hailindi kitu.

Basi ipi? Kwa vijia vya Karura, barabara za majani chai kule Tigoni na msitu wa Kereita, nunua helmeti ya baiskeli za mlima iliyo wazi usoni. Utaitambua kwa kuwa inashuka chini zaidi kwenye kisogo na pande za kichwa kuliko ile ya barabarani, na ina ukingo unaochomoza mbele wa kuzuia jua na matawi. Ile inayofunika uso wote, yenye upinde wa kidevu, ni ya wanaoruka na wanaoshuka kwa kasi kwenye mawe. Kama ndivyo unavyoendesha, tafuta yenye kipimo cha ASTM F1952, kilichowekwa kwa ajili ya washukaji hao na kinachoupima pia upinde wa kidevu. Kama sivyo, utalipia jasho.

Muuzaji atakutajia pia MIPS, na hapa sikiliza. Ni mara chache mtu huanguka wima kama zile helmeti za maabara. Kwa kawaida unagonga kwa mshazari, helmeti inashika ardhi, kichwa kinazungushwa ghafla na ubongo unavutwa ndani ya fuvu. Daktari wa upasuaji wa ubongo Hans von Holst na mtafiti Peter Halldin, wa chuo cha KTH mjini Stockholm, walitafuta dawa ya mzunguko huo, na ndiyo hiyo MIPS: utando mwembamba wa plastiki kati ya kichwa na povu, unaoruhusu helmeti kuteleza milimita 10 hadi 15 peke yake. Ukiishika helmeti ya namna hiyo na kusukuma utando wa ndani kwa vidole, utauona ukicheza. Kampuni nyingine zina mbinu zao za kufikia jambo hilohilo. Maabara ya chuo kikuu cha Virginia Tech huko Marekani huzipima helmeti kwa mshazari na kuzipa nyota, hadi tano, na orodha yao inasomwa bure kwenye intaneti. Utakuta humo helmeti za bei ya wastani zenye nyota tano, jambo ambalo muuzaji hana haraka ya kukuambia.

Hata hivyo, helmeti ya nyota tano isiyokukaa ni mapambo. Zungusha tepu ya fundi nguo juu kidogo ya nyusi, pale kichwa kilipo kinene zaidi, ndipo uitaje saizi. Ukiivaa, kaza gurudumu la kisogoni, acha mkanda wazi, inama na utikise kichwa: isidondoke. Kisha ishike na uisukume mbele na nyuma. Ngozi ya paji inapaswa kwenda nayo. Helmeti ikienda peke yake, ni kubwa. Funga mkanda na upanue mdomo kana kwamba unapiga miayo, uhisi helmeti ikivutwa chini.

Na nywele. Ukipimwa ukiwa umesuka rasta nene, halafu mwezi ujao unyoe, umenunua saizi ya mtu mwingine. Dredi zilizofungwa fundo utosini huiinua helmeti ikaelea juu ya kichwa, na paji likabaki wazi. Zifunge chini, zitokee nyuma ya shingo. Chini ya hijabu vaa kitambaa chembamba kisicho na mikunjo wala pini. Mtoto naye asinunuliwe kubwa ati atakua nayo. Viatu sawa, helmeti hapana.

Tuje kwenye macho. Januari na Februari, vumbi la anayekutangulia ndilo adui. Wakati wa masika ni matope ya gurudumu lako mwenyewe. Mwaka mzima ni wadudu na vijitawi. Kinga yoyote ya macho iwe na lenzi ya polikaboneti, kamwe si kioo, kwa sababu polikaboneti hupinda kabla ya kuvunjika. Ina siri nyingine ambayo wengi hawaijui: hata ikiwa nyeupe kabisa, yaani isiyo na rangi, huzuia karibu miale yote ya urujuanimno (UV). Weusi wa lenzi haukulindi na miale hiyo. Na Nairobi ina miale mingi, maana tuko karibu na ikweta na juu ya mita 1,700, na kila mita 1,000 unazopanda huiongeza kwa takriban asilimia 10.

Kwa hiyo usikimbilie lenzi nyeusi. Miwani ya jua ya kawaida ni ya kundi la 3, inayopitisha asilimia 8 hadi 18 tu ya mwanga. Kwenye mgongo wa Ngong, mahali pa wazi, ni nzuri sana. Ukiingia nayo msituni kutoka juani, chini ya mikaratusi, mboni hufunguka upesi lakini sehemu ya jicho inayohisi mwanga huhitaji dakika kadhaa kuzoea giza, na mzizi haukusubiri. Lenzi nyeupe ya kundi la 0, au ya waridi inayoonyesha vizuri mabonde ya udongo, ndiyo ya msituni. Zile zinazobadilika rangi zenyewe ni nzuri ila hazibadiliki haraka kama wewe unavyoingia kivulini.

Halafu kuna miwani mikubwa ya mkanda, yenye sponji kuzunguka uso. Vumbi haliingii, na ndio uzuri wake. Lakini jasho halitoki. Asubuhi ya Julai kule Limuru, hewa yenye unyevu kutoka usoni inagusa lenzi baridi na kugeuka maji, hasa unapopanda polepole au ukisimama kuwangoja wenzako. Ile ya kuteleza kwenye theluji huwa na lenzi mbili zenye hewa katikati ili ile ya ndani isipoe. Za baiskeli nyingi zina lenzi moja na matundu makubwa, zikitegemea upepo wa mwendo. Usipokuwa na mwendo, hazina msaada. Kwa maoni yangu, mwenye helmeti ya uso wazi anatosheka na miwani ya kawaida iliyokumbatia uso. Hii ya mkanda ni ya helmeti ya uso mzima na ya kushuka. Unapopanda, igeuzie nyuma ya helmeti badala ya kuipandisha kwenye paji lenye jasho, maana sponji likilowa umeubeba ukungu wako mwenyewe.

Ikichafuka, imwagie maji kwanza, vumbi liondoke, kisha iache ikauke. Upande wa ndani una dawa ya kuzuia ukungu inayokwanguka kirahisi, na fulana yenye vumbi jekundu ni msasa. Baadhi ya waendeshaji wa mashindano wamekuwa wakibandika karatasi za plastiki juu ya lenzi na kuzichana moja moja zikichafuka; kwetu ziache, maana tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu inayohifadhiwa.

Ukienda kununua miwani hiyo ya mkanda, beba helmeti yako. Fremu inapaswa kuingia kwenye uwazi wa uso bila kubana pua, na isiache pengo kubwa kati yake na ukingo wa helmeti juu ya nyusi. Kama unavaa miwani ya macho, uliza yenye vinafasi kwenye sponji vya kupitishia mikono ya miwani, na uijaribu ukiwa umevaa vyote vitatu.