Ugley: kijiji kilichosingiziwa ubaya

Ukipita Essex, kaskazini-mashariki mwa London, utakuta kibao cha kijiji kimeandikwa Ugley. Aliyesoma Kiingereza kidogo tu atacheka na kusema hawa watu wamejiita wenye sura mbaya. Inaniuma kidogo, kwa sababu jina hilo limembeba mtu.

Dhana: Ugley ni neno la Kiingereza "ugly", yaani -enye sura mbaya.

Si kweli. Jina limeundwa kwa maneno mawili ya Kiingereza cha kale: Ugga, jina la mwanamume, na leah, yaani mahali palipo wazi katikati ya msitu. Ni uwazi wa Ugga, basi. Hiyo leah wapenzi wa mpira wanaitamka kila wikendi bila kujua, maana ndiyo inayofunga majina ya Burnley na Barnsley. "Ugly" lilikuja kwa njia nyingine kabisa, kutoka lugha ya kale ya Waskandinavia, na mwanzoni lilimaanisha kitu cha kutisha. Maneno haya yamefanana kwa sauti tu, kama kaa la moto na kaa wa baharini.

Dhana: tahajia za zamani ni makosa ya makarani.

Mnamo 1041 hivi jina la Ugley liliandikwa Uggele. Mwaka 1086, maofisa wa Mfalme William wa Uingereza walipoorodhesha ardhi na mali katika daftari la Domesday, likaandikwa Ugghelea. Hakuna aliyekosea. Tahajia sanifu haikuwapo. Karani aliandika alivyosikia, tena ndani ya hati ya Kilatini. Nasi tumefaidika: tazama huo mwisho, -lea. Leah bado inaonekana humo waziwazi, ilhali katika -ley ya leo imeshafifia. Anayetafuta asili ya jina aanzie kwenye maandishi ya zamani kabisa, si kwenye kibao cha barabarani.

Dhana: kijiji kilizaliwa 1086.

Daftari lilihesabu vijiji, halikuvianzisha. Uggele ya 1041 ni ushahidi tosha.

Yaleyale yameipata Great Snoring, kule Norfolk, inayodhaniwa kuwa kijiji cha wakoromaji kwa kuwa "snoring" kwa Kiingereza ni kukoroma. Mwaka 1086 kiliandikwa Snaringes, yaani watu wa Snear, na jina hilo la Snear wataalamu hulihusisha na neno la kale lenye maana ya wepesi na uchangamfu.