Viungo vinavyopinda kupita kiasi: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Ana mwili laini tu, hicho ni kipaji.”

Kwa wengi ni kweli. Kuna watu viungo vyao hupinda sana na hawaumwi lolote maisha yao yote. Shida ipo pale tishu unganishi, inayoshikilia ngozi, kano, mishipa ya damu na utumbo, inapokuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Mojawapo ya magonjwa hayo ni sindromu ya Ehlers-Danlos, iliyogawanywa katika aina 13 mwaka 2017. Inayokutwa zaidi ni ile ya viungo kulegea, na ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Kipimo cha kwanza hakitaki mashine. Kidole kidogo kikirudi nyuma kupita nyuzi 90, alama 1 kwa kila mkono. Dole gumba likilala mpaka kugusa kigasha, alama 1 kila upande. Kiwiko au goti likipinda kinyume zaidi ya nyuzi 10, vivyo hivyo. Viganja vikitua sakafuni magoti yakiwa yamenyooka, alama 1. Jumla ni 9. Kwa mtoto ambaye hajabalehe tunaanza kutilia maanani kwenye 6, mtu mzima 5, aliyevuka miaka 50 alama 4, kwa kuwa mwili hukakamaa na umri. Alama peke yake si ugonjwa. Daktari huangalia pia ngozi, historia ya familia na jinsi viungo vinavyoteguka, kisha huondoa aina nyingine, hasa ile inayopasua mishipa mikubwa ya damu.

“Eksirei safi, damu safi, basi anadeka.”

Tunaomba neno hilo liachwe. Eksirei huonyesha mfupa. Kano iliyolegea haionekani, na bega lililochomoka nusu huwa limesharudi kabla ya kufika kwenye mashine. Kipimo cha damu nacho hakipo, kwa sababu chembe ya urithi inayosababisha aina hii bado haijatambuliwa.

Mtazame mwenye hali hii aliyesimama kwenye daladala mjini Arusha, mkono juu kwenye bomba. Dereva akikanyaga breki, kano za abiria wengine hushika. Kwake, kichwa cha mfupa wa mkono huteleza ukingoni mwa tundu lake, na misuli ya shingo na mgongo hukaza ghafla ili kuuzuia. Usiku inayouma ni misuli hiyo. Mchana kutwa imefanya kazi ya kano juu ya kazi yake yenyewe, ndiyo maana huchoka hata siku ambayo hakubeba kitu. Ashike mgongo wa kiti, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo na mkono chini ya usawa wa bega.

“Ni gauti, aache nyama.”

Gauti hutokana na fuwele za asidi ya yuriki: kiungo huvimba, huwa chekundu na cha moto. Kilicholegea mara nyingi huuma bila joto. Kikivimba na kupata moto, kapimwe, usikisie.

“Supu ya kongoro itarudisha kolajeni.”

Ni chakula kizuri, anywe. Lakini tumbo huivunjavunja kolajeni ya kongoro kama protini nyingine, kisha mwili hujenga yake kwa namna uliyozaliwa nayo.

“Achuliwe, anyooshwe.”

Hapa ndipo madhara mengi hutokea. Kumpapasa misuli taratibu ni sawa. Kumvuta shingo, au kumkunja kiungo mpaka kilie, ni kuvuta kano iliyokwisha kuvutika. Kinachosaidia ni misuli imara. Kwa goti, aketi miguu ikiwa imenyooka, taulo lililokunjwa chini ya goti. Alikandamize kwa nyuma ya goti, ahesabu sekunde 5, alegeze. Mara 10, asubuhi na jioni, aongeze polepole wiki baada ya wiki. Akisimama, asilifunge goti kwa nyuma. Fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, ipo KCMC, hospitali ya rufaa mjini Moshi, na hapo hapo Moshi kuna TATCOT, chuo kinachofundisha watengenezaji wa vifaa vya kushikilia viungo. Kifaa kivaliwe wakati wa kazi inayoumiza. Kikivaliwa kutwa, misuli hunywea.

“Presha imemshuka.”

Akisimama akaona kizunguzungu, pengine ni presha, lakini pima. Alale dakika 10, hesabu mapigo, kisha asimame karibu na mtu wa kumdaka. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika (40 kwa wa miaka 12 hadi 19) ndani ya dakika 10, presha ikiwa haijashuka, huenda damu inatuama miguuni. Mpelekee daktari namba hizo. Maji ya kutosha na soksi za kubana husaidia. Chumvi isiongezwe bila ushauri, hasa kwa mwenye presha ya kupanda au tatizo la figo.

“Kung'oa jino halihusiki.”

Linahusika. Kwa baadhi yao sindano ya ganzi haishiki vizuri au huisha mapema, na taya huweza kuteguka likipanuliwa muda mrefu. Amweleze daktari wa meno kabla ya kuketi, na aombe kupumzisha mdomo kila baada ya dakika chache.