Si kila historia ya Mombasa iko Google

Jamani hii ya kusema ati kisichokuwa Google hakipo tuiache, manake Google inakuletea tu kile mtu alichokiandika au kukiskani akakiweka mtandaoni, na historia nyingi ya huku kwetu haijafika huko. Ukitafuta Fort Jesus utaambiwa chap Wareno walianza kuijenga 1593, na ni kweli. Lakini ingia ndani kidogo, tafuta kesi za mashamba za enzi ya mkoloni uone kama utapata, hizo ni mafaili ya karatasi, mengine yako Nyaraka za Taifa pale Nairobi, lazima uombe faili lenyewe uletewe mezani.

Na Muyaka je, yule mshairi wa Mombasa wa zamani? Mashairi yake yalikusanywa yakaandikwa kwa herufi za Kiarabu, sasa hata mswada ukipigwa picha ukawekwa mtandaoni, ukitaipu ubeti kwa herufi hizi zetu mswada huo hautatokea, mpaka usome mwenyewe au umpate anayejua.

Sisemi uache simu. Itumie kutafuta katalogi, ujue kitabu gani kiko wapi, halafu nenda maktaba muulize mkutubi, na ukifika rafuni angalia pia vitabu vya pembeni.