Misumari mingi haibebi tangi la samaki

"Fundi, ongeza misumari." Mwezi huu nimeambiwa hivyo na wateja watatu waliotaka stendi ya tangi la samaki, na wa tatu alikuja na ya kwake kabisa, ya inchi nne, kilo nzima imefungwa kwenye gazeti. Nikaipokea, nikaiweka kwenye rafu.

Kwanza uzito, maana wengi hawaupigii hesabu. Tangi la sentimita 120 kwa 45, kimo 50, linaingia lita 270 likijaa, na lita ya maji ni kilo. Kioo cha milimita 10 kinaongeza kilo 55 hivi, bado changarawe na mawe ya mapambo. Hapo unakaribia kilo 350 au unazipita: mifuko saba ya saruji imekaa sebuleni usiku na mchana.

Msumari kazi yake ni kuzuia mbao zisiachane. Ukibandika ubao wa juu ubavuni mwa mguu kisha ukaupigilia, mzigo wote unaning'inia kwenye vyuma visivyofika unene wa penseli. Juzi nilifungua stendi ya namna hiyo iliyoletwa nitengeneze. Matundu ya skrubu yalishavutika yakawa mfano wa yai, skrubu mbili zimepinda, fremu imeshuka upande mmoja. Ukiongeza misumari kumi pale, tena kwenye mstari mmoja, unapasua mbao tu.

Dawa yake haina gharama: ubao ukae juu ya mguu, mguu ukae sakafuni. Mbao ilale juu ya mbao. Kipande kifupi cha paini ya mbili kwa nne kikisimama wima kinabeba zaidi ya tani. Ukitaka miguu ionekane nadhifu, chonga pengo kichwani mwake fremu ikae humo. Baada ya hapo skrubu mbili kila kona na gundi zinatosha, na gundi mimi siiachi hata mteja akinuna.

"Nikinunua mninga sina wasiwasi." Mninga mzuri, sikatai, ila stendi isiyo na mgongo hulala upande, kama katoni uliyoitoa mfuniko na kitako. Mtoto akiegemea, basi. Funga plaiwudi ya milimita 12 nyuma, kona mpaka kona, kisha sukuma uone. Paini yenye mgongo naiamini kuliko mninga usio nao. Iwe kavu tu. Mbao mbichi iliyoshushwa jana kutoka Mafinga itajipinda ikikaukia chini ya tangi, na kioo hakijui kujipinda.

"Sponji ya kutandika kati ya tangi na stendi itasawazisha." Sponji inameza punje ya mchanga, haisawazishi fremu iliyopinda. Weka pima maji pande zote nne na kona kwa kona, kabla ya kujaza na baada ya kujaza. Kibao cha kuinulia kiwekwe chini ya mguu, kamwe si chini ya kioo. Na tangi lenye fremu ya plastiki chini halitaki sponji kabisa.

"Kabati la TV litafaa." Lile ni la MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Maji yakidondokea ukingoni linavimba kama mkate kwenye chai. Halifai.

Stendi ya yule bwana ilitoka na skrubu tu. Kilo yake ya misumari bado ipo kwenye rafu yangu, aje aichukue.