Mwangwi wa rada si picha: popo na ndege kwenye ramani ya mvua

Ile video ya duara linalochanua kwenye ramani ya mvua, jioni ambayo mbingu haina hata wingu, imesambaa tena. Maelezo yanayoambatana nayo hayabadiliki: "Setilaiti yanasa picha ya popo", au "Rada yachanganyikiwa, yadhani ndege ni mvua." Nimeyasoma mara nyingi mno. Hapo hapana setilaiti, hapana picha, na rada haikuchanganyikiwa hata kidogo.

Mwangwi wa rada ni ile sehemu ya mawimbi ya redio inayorudi kwenye antena baada ya kugonga kitu angani. Rada hutoa mpigo mfupi, hunyamaza, kisha husikiliza. Muda wa kwenda na kurudi huipa umbali: kitu kilicho kilomita 150 hurudisha mwangwi katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nguvu ya mwangwi huo ndiyo inayogeuzwa kuwa rangi, na hizo kijani, manjano na nyekundu ni rangi zilizochaguliwa na watu ili namba zisomeke upesi. Hakuna kitu cha kijani huko juu.

Sasa neno lenyewe, kwa sababu Kiswahili kilikuwa nalo zamani kabla ya mashine hizi. Ukisimama mbele ya jabali ukaita, sauti inayokurudia ni yako mwenyewe. Inakwambia kwamba mbele kuna kitu, na ukiwa na subira ya kuhesabu inakwambia kiko mbali kiasi gani. Haikwambii jabali lina rangi gani wala nani amekaa juu yake. Huo ndio mwangwi, na rada haina zaidi ya hapo. Picha ni habari nyingine. Zile picha za mawingu zinazotoka kwenye setilaiti za hali ya hewa hupatikana kwa kupokea mwanga wa jua unaorudishwa na mawingu, au joto linalotoka kwenye mawingu na ardhi. Chombo kile kinatazama kutoka juu bila kuita. Rada ya hali ya hewa iko chini, huita kwanza, kisha hungoja jibu.

Hata jina "rada" linasema hivyo. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, zilizounganishwa na jeshi la majini la Marekani mwaka 1940, na maana yake ni kutambua kuwa kuna kitu na kupima umbali wake kwa mawimbi ya redio. Kazi mbili tu. Kuona haimo. Kujua ni kitu gani haimo vilevile.

Ukishalishika hilo, habari ya popo inakuwa nyepesi. Mvua hurudisha mwangwi kwa kuwa ni maji. Mwili wa ndege au popo nao sehemu yake kubwa ni maji. Manyoya hayarudishi kitu cha maana, nyama na damu ndivyo vinavyojibu. Tena ukubwa una nguvu ya kushangaza katika jambo hili. Rada za hali ya hewa za Marekani hutumia mawimbi yenye urefu wa sentimita 10 hivi, na kwa matone yaliyo madogo sana kuliko wimbi, tone lenye kipenyo mara mbili ya jingine hurudisha mwangwi mara 64. Ndege ni mkubwa kiasi kwamba hesabu hiyo haimkai sawasawa, lakini mwelekeo ni uleule: popo mmoja wa gramu 12 hujibu kwa sauti kubwa kuliko maelfu ya matone ya manyunyu.

Pango la Bracken, karibu na San Antonio huko Texas, lina mamilioni ya popo msimu wa joto. Itazame ramani ya rada jua linapokaribia kuzama. Kwanza kinatokea kidoa, sehemu moja tu. Ramani ikijichora upya, kidoa kimekuwa doa. Ikijichora tena, doa limefunguka, kingo zake zinakimbia pande zote, na katikati kunaanza kufifia kwa sababu waliokuwa hapo wameshatawanyika kwenda kutafuta wadudu. Mvua haizaliwi hivyo. Dhoruba huja na upande wake na hufuata upepo. Haitoki kwenye tundu moja ardhini na kuenea kama wino kwenye karatasi. Mbayuwayu wa Amerika Kaskazini wanaolala kwa makundi makubwa hufanya mambo yayo hayo alfajiri, wakaacha pete safi kwenye skrini, mahali pamoja, asubuhi baada ya asubuhi.

Hapa lugha yetu ina mtego wake. Mtu akisikia "ndege" na "rada" katika sentensi moja, akili inakimbilia eropleni. Ndiyo maana upatanisho si jambo dogo: ndege wenye mabawa ya manyoya *wameonekana*, ndege za abiria *zimeonekana*. Nimekutana na kichwa cha habari kilichosema "Maelfu ya ndege zanaswa na rada", na msomaji yeyote angeingiwa na hofu. Na popo, tafadhali, si ndege kwa vyovyote. Ni mnyama anayenyonyesha.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni lile wazo kwamba mwangwi wa ndege ni "kosa" la rada. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wahudumu wa rada Uingereza walikuwa wakipata mwangwi usio na maelezo, wakauita "malaika". Wanasayansi David Lack na George Varley walionyesha katika maandishi yao ya 1945 kwamba mwingine ulitoka kwa ndege. Miaka ya 1960 mtafiti wa ndege Sidney Gauthreaux akazigeukia rada za hali ya hewa za Louisiana kwa makusudi, akafuatilia ndege wanaohama kuvuka Ghuba ya Mexico. Safari nyingi za aina hiyo hufanywa usiku, juu, ambako jicho halifiki. Alichokitafuta yeye ni kile ambacho mtabiri wa mvua angetaka kukifuta.

Siku hizi kutofautisha ni rahisi zaidi. Tangu 2013 rada zote za mtandao wa hali ya hewa wa Marekani hutuma kwa pamoja mawimbi yanayotikisika kwa kulala na yanayotikisika kwa kusimama. Matone ya mvua yanafanana, kwa hiyo majibu ya pande mbili hulingana karibu kabisa. Miili yenye mabawa, inayogeuka huku na huku, huleta majibu yasiyolingana. Kasi nayo husaidia: tone huchukuliwa na upepo, ndege hujiongezea mwendo wake.

Hata hivyo anayetoa jina ni mtu. Oktoba 2017, utando mpana wa mwangwi ulitokea juu ya Denver, na watabiri wakadhani ni ndege wanaohama. Watu waliokuwa chini wakawaambia wanachokiona kwa macho: vipepeo. Rada ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo, kwamba kuna kitu, kiko hapa, kinajibu kwa nguvu hii.

Basi video ile ikikufikia tena na ukataka kuisambaza, badilisha maelezo yake kidogo tu. Andika: "Mwangwi wa popo waonekana kwenye rada ya hali ya hewa." Yanatosha.