Majina kumi na moja kwenye karatasi ya mwalimu

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huku Katuba, Lubumbashi, aliniletea karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Darasa lake lina watoto 58. Alikuwa ameandika majina 11. "Dokta, hawa wote wana ile TDAH yenu."

Ile TDAH yetu, jina tulilolichukua kwa Kifaransa (kwa Kiingereza ni ADHD), humfanya mtoto ashindwe kutulia, kujizuia au kushika jambo moja akilini kuliko wenzake wa rika lake. Ili tuitaje, dalili zidumu miezi 6 au zaidi, zionekane nyumbani na shuleni, zimwathiri mtoto, na ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Utundu peke yake hautoshi.

Ni wangapi basi? Mwaka 2007 mtafiti Guilherme Polanczyk na wenzake walijumlisha tafiti 102 za dunia nzima wakapata 5.29% ya watoto. Kinshasa, utafiti uliochapishwa 2005, ambao walimu ndio waliojaza fomu, ulipata karibu 6%. Marekani mwaka 2022 wazazi waliulizwa kama mtoto amewahi kuambiwa ana hali hii: 11.4%. Sidhani akili za watoto wa huko zimeumbwa vingine. Swali ndilo lilikuwa jingine.

Kwa darasa la 58, ni kama watoto watatu. Nikaenda kukaa benchi la nyuma asubuhi mbili. Wawili hawakuona ubao. Mmoja sikio lilikuwa likitoa usaha. Mmoja anauza mikate na mama yake mpaka saa nne usiku. Mtoto aliyekosa usingizi hasinzii tu, huchachamaa pia. Wawili waliandikishwa mapema, ni wadogo kwa karibu mwaka mzima. Watatu ni watundu tu, Mungu awakuze. Wawili waliobaki nimeanza kuwapima.

Katika yale majina hapakuwa na msichana. Kumbe dirishani alikaa mmoja, ameandika mstari na nusu wakati wenzake wamejaza ukurasa, anazungusha kifuniko cha bic. "Huyo ni mpole," mwalimu aliniambia. Utotoni wavulana wanaogunduliwa huwa mara mbili tatu ya wasichana, na sababu mojawapo ni huo upole: hausumbui mtu.

Mama yake alipokuja alisahau simu mezani kwangu, akairudia, akasahau mwavuli. Hilo halithibitishi kitu, lakini hali hii hurithiwa sana, nami nikamwuliza ya utoto wake. Kwa watu wazima, mapitio ya tafiti ya 2021 yalikadiria 2.58% wakihesabiwa wale tu walioanza utotoni, na 6.76% wakihesabiwa wote wenye dalili. Ukubwani kuruka-ruka hupungua. Kusahau, kuchelewa na kuacha kazi nusu hubaki.

Nimewapa mama na binti miadi moja, Jumanne saa tatu. Nimeandika kwenye karatasi, na Jumatatu jioni nitampigia mama simu.